Siku tano za mapumziko Llandudno: mwongozo kamili kwa msafiri asiye na haraka

Llandudno ni mji wa bahari ulio kaskazini mwa Welisi, nchi ambayo wenyewe huiita Cymru. Umekaa kwenye shingo ya ardhi bapa katikati ya vilima viwili vya mwamba wa chokaa: magharibi kuna Great Orme, ambao kwa Kiwelisi huitwa Y Gogarth, wenye kimo cha mita 207, na mashariki kuna Little Orme, ulio mdogo zaidi. Kwa umbo hilo mji una fukwe mbili zilizopeana migongo, moja, Ufuko wa Kaskazini, ikiitazama bahari ya wazi na nyingine, Ufuko wa Magharibi, ikiutazama mlango wa mto Conwy na milima iliyo ng'ambo yake, na mtu huweza kutoka ufuko mmoja hadi mwingine kwa miguu kabla hajachoka.

Mji huu haukukua wenyewe kutokana na bandari au soko. Mwaka 1848 mpima ardhi wa Liverpool, Owen Williams, alimpelekea Lord Mostyn, mwenye ardhi, mchoro wa mji wa mapumziko ambao ungejengwa mahali palipokuwa na uwanda wa majimaji chini ya kijiji cha wachimba shaba. Mchoro huo ukafuatwa, na ndiyo sababu hata leo mitaa ni mipana na nyumba za wageni zimejipanga kwa upinde mmoja kuifuata ghuba. Ninaanza na historia hiyo kwa kuwa ndiyo msingi wa mashauri yote yanayofuata. Wageni wengi huufanya mji huu kuwa mahali pa kulala tu, kila asubuhi wakikimbilia milima na majumba ya mbali, kisha hurudi kwao wamechoka kuliko walivyokuja. Llandudno ulijengwa ili mtu akae. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata kanuni moja, nayo ni kufanya jambo moja kwa siku, na kuyaachia maji na upepo yaamue saa ya kulifanya.

Hatua ya kwanza: kuchagua wakati

Wakati bora ni kati ya mwanzo wa Mei na katikati ya Julai. Siku huwa ndefu mno. Mwishoni mwa Juni jua huzama yapata saa tatu na dakika arobaini usiku, na mwanga hubaki angani kwa muda baada ya hapo. Msafiri Mwislamu aifikirie hesabu hiyo mapema, kwa sababu Magharibi huingia saa ambayo mtu wa pwani yetu amezoea kuwa amekwisha kula na kupumzika, na usiku wenyewe ni mfupi. Kuanzia wiki ya mwisho ya Julai hadi mwisho wa Agosti shule za Uingereza huwa zimefungwa, familia hujaa, na bei za vyumba hupanda. Septemba ni mwezi mzuri kwa asiyejali siku kufupika, kwani bahari huwa bado imehifadhi joto la kiangazi.

Wikiendi ndefu ya mwanzo wa Mei kwa desturi huwa na tamasha la mitaani la mambo ya enzi ya Malkia Victoria. Anayependa shangwe ataifurahia, lakini anayetafuta utulivu aiepuke. Majira ya baridi siyapendekezi kwa safari ya kwanza: tramu na vivutio kadhaa hufungwa, na mwezi wa Desemba jua huzama yapata saa kumi jioni.

Hatua ya pili: hati na chumba

Welisi ni sehemu ya Ufalme wa Muungano, kwa hiyo hakuna viza ya pekee. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo huomba viza ya kawaida ya mgeni wa Uingereza, na ombi hupokelewa kuanzia miezi mitatu kabla ya siku ya kusafiri. Kinachoangaliwa ni pasipoti, si makazi. Mtanzania anayeishi Muscat kwa kibali cha kazi bado anahitaji viza, ilhali mwenye pasipoti ya Oman huomba idhini ya kielektroniki tu. Jambo hili limewaharibia safari watu waliodhani kuwa ukaazi wa Ghuba unatosha.

Chumba kitafutwe kwenye upinde wa Ufuko wa Kaskazini au katika mitaa iliyo nyuma yake, ili kituo cha treni, maduka ya Mostyn Street na bahari vyote viwe ndani ya mwendo mfupi wa miguu. Nyingi ya nyumba za wageni ni majengo ya karne ya 19 yenye ghorofa tatu au nne na ngazi nyembamba, hivyo kabla ya kulipa uliza mambo matatu: kama kuna lifti, kama chumba kinatazama bahari au ua wa nyuma, na kifungua kinywa kina nini. Swali la tatu lina uzito, kwani kifungua kinywa cha huko kwa kawaida huwa na nyama ya nguruwe mara mbili katika sahani moja, kama vipande vilivyokaangwa na kama soseji. Mwenye nyumba akiarifiwa siku moja kabla huandaa mayai, uyoga, nyanya, maharage na mkate bila taabu, tena kwa moyo mweupe. Na kwa anayeswali chumbani, tafadhali usitegemee mazoea: pwani ya Afrika Mashariki tunaelekea kaskazini, lakini Llandudno kibla kiko kati ya mashariki na kusini, kikivutwa zaidi upande wa mashariki.

Ikiwa fedha zinaruhusu kuongeza jambo moja tu katika safari nzima, ongeza dirisha linalotazama bahari. Siku ya mvua, dirisha hilo ndilo litakuwa sebule yako.

Hatua ya tatu: begi

Chukua koti la mvua lenye kofia, na uuache mwavuli nyumbani, kwa sababu upepo wa ghuba huupindua. Sweta moja nzito na nguo nyepesi za kuvaliwa moja juu ya nyingine zinafaa kuliko koti moja kubwa, maana siku moja inaweza kuwa na jua, ukungu na manyunyu. Viatu viwe na soli ngumu, kwani sehemu ya juu ya Ufuko wa Kaskazini ni kokoto na mawe, na mchanga hujitokeza maji yanapokupwa. Ndala zina raha kwenye Ufuko wa Magharibi pekee.

Hatua ya nne: kufika

Kwa anayetua Manchester, ziko treni hadi Llandudno, mara nyingine kwa kubadili njiani, mwendo wa saa mbili na dakika kadhaa kutoka kituo cha Manchester Piccadilly. Kutoka London, panda treni kituo cha Euston hadi Llandudno Junction, takriban saa tatu, mara nyingine kwa kubadili njiani, kisha uingie kitreni kidogo cha dakika kumi hivi hadi mjini. Jihadhari na majina: Llandudno Junction ni kituo cha makutano kilicho kando ya mto, na si Llandudno yenyewe. Tiketi zinazonunuliwa wiki kadhaa kabla huwa na nafuu kubwa, lakini hufungamana na treni moja maalumu. Ukiikosa hiyo, tiketi imekwisha.

Baada ya kituo cha Chester kaa upande wa kulia. Reli inafuata ukingo wa maji kwa sehemu kubwa ya njia iliyobaki, kwanza mlango mpana wa mto Dee, kisha bahari yenyewe, na kuna mahali unapoona mchanga tupu hadi upeo wa macho kwa kuwa maji yamekupwa.

Hatua ya tano: jioni ya kwanza

Usipange kitu chochote. Weka begi chumbani, vuka barabara, uingie kwenye njia pana ya matembezi ya Ufuko wa Kaskazini, ambayo inaipinda ghuba nzima kwa takriban kilomita tatu. Elekea magharibi, yaani upande wa mlima mkubwa, hadi ulifikie gati. Gati hilo lilifunguliwa mwaka 1877 na lina urefu wa takriban mita 700, likiwa ndilo refu kuliko yote Welisi. Limesimama juu ya nguzo za chuma, na ukitazama kati ya mbao chini ya miguu yako utaiona bahari ikipita. Sehemu ya mwanzo ina vibanda vya peremende, michezo na kelele. Pita bila kusimama, kwa sababu thamani ya gati iko mwishoni, mahali ambapo wavuvi wa mishipi husimama kimya na mji mzima unaonekana kama hilali nyeupe iliyolala chini ya vilima. Kaa hapo nusu saa. Mwili uliotoka kwenye ndege na treni unahitaji kitu kisichosogea cha kukitazama, na sijui mahali pafaapo zaidi kwa kazi hiyo.

Hatua ya sita: siku ya Gogarth

Mlima huu ndio moyo wa Llandudno, nao unastahili siku yake. Asubuhi tazama kilele kutoka dirishani. Kikifunikwa na wingu, ahirisha hadi kesho bila majuto, kwani ukipanda ndani ya ukungu hutaona kitu zaidi ya mikono yako.

Kuna njia nne za kupanda. Kuna barabara ya gari, kuna njia za miguu, kuna vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo kutoka bustani ya Happy Valley, vilivyoanza kazi mwaka 1969 na ambavyo husimamishwa upepo ukizidi, na kuna tramu. Ninashauri tramu. Ilifunguliwa mwaka 1902 kutoka kituo cha Victoria hadi nusu ya mlima, na kipande cha juu kikafuata mwaka 1903. Mabehewa yake hayana injini; yamefungwa kwenye kamba nene ya chuma, na behewa moja linapopanda jingine hushuka, hivyo uzito wa linaloshuka husaidia kulivuta linalopanda. Katika sehemu ya chini kamba hupita ndani ya mfereji katikati ya barabara ya kawaida, kati ya milango ya nyumba za watu. Kwenye kituo cha kati abiria hushuka na kubadili behewa, na hapo ndipo mitambo inaweza kuonekana. Fika kabla ya saa tano asubuhi wakati wa likizo, la sivyo utasimama kwenye foleni ndefu.

Shuka kituo cha kati kwanza, usiende moja kwa moja kileleni. Mwendo mfupi kutoka hapo kuna machimbo ya shaba ambayo watu walianza kuyachimba takriban miaka 4,000 iliyopita kwa zana za mawe na mifupa ya wanyama. Yalikuwa yamefichwa chini ya vifusi vya uchimbaji wa baadaye hadi mwaka 1987, yalipogunduliwa wakati eneo hilo likikaguliwa kwa ajili ya kutengenezwa maegesho ya magari. Mgeni huingia kwa miguu, akivaa kofia ngumu, na kupita kwenye njia nyembamba ambazo nyingine zilitosha mtoto tu, jambo linalowafanya wataalamu waamini kwamba watoto walifanya kazi humo. Mtu anayeogopa mahali finyu asiingie. Kwa wengine wote, nalichukulia kuwa jambo lenye uzito kuliko yote mjini, na mtu atenge saa nzima.

Kileleni, siku ya anga safi, huonekana kisiwa cha Anglesey upande wa magharibi na milima ya Eryri, ambayo Waingereza huiita Snowdonia, upande wa kusini. Kondoo hulisha kila mahali, pamoja na mbuzi wa Kashmiri wenye manyoya meupe na pembe ndefu, ambao asili yao ni kundi la kifalme la Windsor. Ndio walewale walioonekana kwenye habari za dunia mwezi Machi 2020, waliposhuka mitaani wakati watu wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, wakala maua ya bustani. Usiwalishe, na usimkaribie dume.

Kwa kurudi, shuka kwa miguu kupitia kanisa dogo la Mtakatifu Tudno, lililo peke yake mteremkoni likiitazama bahari. Jina la mji limetokana nalo, kwani Llandudno maana yake ni kanisa la Tudno. Sehemu ya jengo la sasa ni ya karne ya 12, na katika Jumapili za kiangazi ibada hufanyika nje, kati ya makaburi na bahari. Kutoka hapo njia inakuteremsha taratibu hadi Happy Valley na gati. Jioni hiyo usifanye lingine.

Hatua ya saba: Ufuko wa Magharibi, na kuyasoma maji

Msomaji aliyekulia Lamu, Tanga au Unguja ana elimu ambayo wageni wengi wa Llandudno hawana: anajua bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa nguvu, na maji mafu, siku ambazo husogea kidogo tu. Elimu hiyo inafanya kazi huku vilevile, maana mwezi ni mmoja. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, saa husogea mbele kila kukicha, na bamvua huja baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Tofauti ni kiasi na kasi. Siku ya bamvua kwetu tofauti kati ya maji makuu na maji ya chini ni karibu mita nne, lakini huku hufikia takriban mita saba, na kwa kuwa mchanga wa mlango wa mto Conwy ni bapa kabisa, bahari hukimbia mbali sana na hurudi kwa kasi ambayo macho hayaitarajii.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu. Kwanza tazama jedwali la maji la siku hiyo, kisha ufike ufukoni maji yanapoendelea kukupwa, takriban saa mbili kabla ya kufika chini kabisa. Tembea kwa kuufuata ufuko badala ya kuelekea katikati ya mlango wa mto, na saa ya maji ya chini ikifika uwe umekwisha kugeuka kurudi. Hatari haiji kutoka mbele. Maji hujaza kwanza mifereji ya mchanga iliyo nyuma yako, na mtu hujikuta amesimama kwenye kisiwa. Pakitokea shida, namba ni 999, na uombe walinzi wa pwani.

Kuogelea kunawezekana, lakini bahari hii hata Agosti huwa nyuzi 15 au 16 tu, na mwili uliozoea Bahari ya Hindi hushtuka na kukosa pumzi kwa dakika ya kwanza. Ingia polepole, usiende peke yako, na ukishikwa na mshtuko lala chali uelee hadi pumzi irudi. Anayependa kulowesha miguu tu hajapoteza kitu. Raha kuu ya ufuko huu ni machweo: njoo na chai kwenye chupa, kaa kwenye benchi, utazame jua likishuka.

Hatua ya nane: Conwy kwa nusu siku

Safari pekee ya nje ninayoiruhusu katika siku tano ni ya mji wa Conwy, mwendo wa takriban dakika ishirini kwa basi. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alijenga ngome yake hapo kati ya mwaka 1283 na 1287 ili kuwadhibiti Wawelisi aliokuwa amewashinda, akauzungushia mji ukuta wenye minara 21 ambao bado umesimama. Aliyepata kuitembelea Ngome ya Yesu Mombasa atazitambua dalili: jiwe lililowekwa na mgeni juu ya mlango wa maji ili kumtisha mwenyeji. Ngome na ukuta vimo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 1986. Kuingia ngomeni hulipiwa, lakini kutembea juu ya ukuta ni bure, na mimi huona ukuta ndio bora, kwa sababu kutoka juu unaona mapaa, bustani za nyuma, mashua na ngome yenyewe kwa pamoja. Gatini kuna nyumba nyekundu inayotambuliwa kuwa ndogo kuliko zote Uingereza, yenye upana wa mita 1.8 hivi. Rudi Llandudno kabla ya alasiri.

Siku ya mvua

Mvua itanyesha, na mpango wake uwe tayari. Jumba la sanaa la Mostyn, lililofunguliwa mwaka 1901, halitozi kiingilio. Au panda treni ya bonde la Conwy inayoanzia hapo hapo mjini hadi Blaenau Ffestiniog, mwendo wa zaidi ya saa moja kidogo, ukae ndani na kuyaangalia mawingu yakitambaa kwenye milima, kisha urudi nayo.

Chakula

Samaki wa kukaanga na chipsi ndio mlo wa ufukoni. Uliza mambo mawili kabla ya kuagiza: mafuta ni ya mimea au ya ng'ombe, kwa kuwa baadhi ya maduka ya Uingereza hukaangia mafuta ya ng'ombe ambayo si ya halali, na kama kuna kipimo kidogo, maana kipimo cha kawaida hutosha watu wawili wa wastani. Ukila nje, keti ukiwa umeupa ukuta mgongo. Shakwe wa Llandudno hushuka kutoka nyuma, kimya, na huondoka na samaki mzima. Kome wa Conwy huvunwa kwa mikono katika miezi ya baridi, hivyo watafute kuanzia Septemba. Kwa chai ya alasiri omba bara brith, mkate mtamu wenye zabibu kavu zilizolowekwa kwenye chai, au vikeki bapa vinavyookwa juu ya chuma cha moto.

Maneno machache ya Kiwelisi

Mabango yote ni ya lugha mbili, na mgeni anayesema *bore da* asubuhi na *diolch* kwa kushukuru hufunguliwa uso mwingine kabisa. Mswahili ana faida hapa pia. Kiwelisi hubadili mwanzo wa neno kulingana na lililotangulia, jambo linalowachosha Waingereza lakini lisilomshangaza mtu anayesema ulimi na ndimi. Na ile *ng* inayoanza neno hutamkwa kama katika ng'ombe. Ugumu uko kwenye *ll* ya Llandudno: weka ulimi kama unayetaka kusema l, kisha pitisha pumzi pembeni bila sauti. Ufanyie mazoezi njiani. Mwenyeji atakusahihisha kwa furaha.

Siku ya kuondoka

Vyumba hukabidhiwa asubuhi, mara nyingi kabla ya saa tano, lakini nyumba nyingi huhifadhi mizigo ukiomba. Chagua treni ya alasiri, si ya asubuhi. Jumapili treni ni chache, kwa hiyo hakikisha ratiba siku mbili kabla. Muda uliobaki rudi mwisho wa gati, mahali uliposimama jioni ya kwanza, na safari hii nenda maji yakiwa yamejaa. Ndani ya treni kaa upande wa kushoto.